Mkono wa Tirza

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu. Hii si hadithi ya kuitikiwa kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, babu wa babu zenu hajaota hata jino, palikuwa na watu wa dini moja waliofukuzwa kwao. Walichomewa nyumba, wakaambiwa wakaabudu nyikani. Wakaenda. Ng'ombe hawakutosha, basi wengi wakavuta mikokoteni kwa mikono yao. Kwichi, kwichi, kwichi, miezi mitatu!

Mmoja wao alikuwa Bibi Kezia, ila siku hizo hakuwa bibi bado, alikuwa mama wa mabinti watatu. Mumewe Hezroni alikuwa wapi? Alitangulia na wakubwa wa dini, amekaa juu ya gari la ng'ombe. Kezia akavuta mbele. Nyuma akasukuma Tirza, yatima wa miaka kumi na mitatu aliyefiwa na wazazi njiani. Kwichi, kwichi. Kitinda mimba wa Kezia, Naomi, akashikwa na homa, akafa. Kezia akachimba kwa sufuria. Tirza akachimba kwa vidole. Wakamzika, wakaendelea kuvuta.

Walikofika palikuwa pakavu. Kezia akafyatua matofali. Pa! Pa! Pa! Akajenga nyumba. Akachimba mfereji hadi bustanini, maana kule maji yalikuwa ya zamu, kila nyumba na saa yake. Na Hezroni? Hezroni alikuwa anahudhuria vikao.

Sasa sikieni desturi yao. Mwanamume aliruhusiwa kuongeza mke. Lakini siku ya ndoa, mke mkubwa ndiye aliyeshika mkono wa bibi harusi na kuuweka katika mkono wa mume, kusanyiko zima likitazama. Pasipo mkono wake, ndoa hakuna. Wanaume walijisifu kwa hilo mpaka wakachosha. "Oneni tunavyowaheshimu wake zetu!" Heshima gani? Hakuna aliyewahi kumuuliza mke mkubwa kama anataka.

Mwaka wa pili, Hezroni akarudi kutoka kikaoni anatabasamu.

"Mama Naomi, Mzee Yaredi ameona ninafaa kuongeza nyumba."

Kezia alikuwa anakanda unga. "Nyumba ipi? Hii niliyoijenga mimi?"

"Usianze. Nitamwoa Tirza."

Kezia akaacha kukanda. Tirza! Aliyelala chumba kimoja na mabinti zake, aliyemwita yeye mama!

"Yule ni mtoto, Hezroni."

"Ana miaka kumi na mitano. Na ameshaambiwa."

"Ameambiwa. Ameulizwa?"

"Mama Naomi, hayo ni mambo ya wakubwa."

"Usiniite jina hilo! Hata kaburi la Naomi hulijui liliko!"

Akatoka hivyo hivyo, mikono imejaa unga, hadi kwa Mzee Yaredi, mkuu wa kusanyiko. "Mzee, nimekataa."

Yaredi hakuinua hata macho. "Mama, maneno ya jikoni hatuyahesabu. Neno la mke mkubwa tunalijua kwa mkono wake, siku ya ndoa." Alisema hivyo ili amwondoe mlangoni tu.

Kezia akarudi nyumbani. Akafua na hasira, akapika na hasira, akalala nayo. Siku kumi hakumsemesha mumewe.

Siku ya ndoa ikafika. Kusanyiko likajaa, nyimbo zikaimbwa. Hezroni kavaa koti zuri, lililoshonwa na nani? Na Kezia, zamani, kabla ya haya.

"Mke mkubwa," akasema Yaredi, "shika mkono wa bibi harusi."

Kezia akaushika. Ulikuwa wa baridi.

"Tirza mwanangu, unamtaka?"

"Swali hilo halimo!" Yaredi akafoka.

"Sikukuuliza wewe, mzee. Tirza?"

Tirza akainua uso.

"Simtaki, mama. Mimi namwona kama baba yangu."

Kezia akamtazama Hezroni, kisha Yaredi. "Mlisema pasipo mkono wangu ndoa hakuna. Mkono wangu hautoi mtu leo."

Akageuka, kamshika binti, wakaelekea mlangoni.

"Kezia!" akaita Yaredi. "Tutakunyima zamu ya maji!"

"Ninyimeni!"

Wakamnyima kweli, wale wacha Mungu. Mahindi yakanyauka, maboga yakasinyaa. Hezroni akahamia kwa Yaredi, akala vya watu. Siku ya nane, Kezia akasikia sauti bustanini: shwaaa! Jirani yake, mke mkubwa naye, amefungua mfereji na kumpa maji ya zamu yake. Kesho yake akafungua mwingine. Kesho kutwa, mwingine. Kila mmoja wao aliwahi kusimama mbele ya kusanyiko akatoa mkono, moyo wake ukikataa. Wanaume wakauliza nani anafungua maji. Kila mke akajibu hajui.

Tirza alikaa kwa Kezia miaka sita, akaolewa na yule aliyemtaka mwenyewe. Na kuanzia siku ile, mke mkubwa yeyote aliposhika mkono wa bibi harusi, aliuliza kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: "Unamtaka?" Wapo mabinti waliojibu ndiyo. Wapo waliorudi nyumbani na mama yule.

Basi ninyi mnaompa mwanamke heshima ya kuonyeshea watu, jihadharini, kwani ipo siku ataishika na kuitumia.

Yangu nimeyatua hapo. Hasira bado ninayo.