Masikio ya Mwalimu Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, kale ya siku zile mimi nilipokuwa bado na nywele kichwani, wanyama walikuwa na kanisa kando ya mto, na kanisa lilikuwa na kwaya. Kwaya! Nimezunguka nchi nyingi, nikajiunga na kwaya nyingi, na kote wameniomba kwa upole nibebe spika. Lakini kama ile sijasikia.

Besi aliimba Tembo. Vuuum! Sauti ya tatu, Punda. Hiii-hooo! Sauti ya kwanza, Mama Fisi, ambaye akipanda juu, popo waliamka darini. Mbele yao, juu ya kigoda, alisimama mwalimu wao, Kindi, mdogo wa kutosha mfukoni, kijiti mkononi, mkia wima.

Jumapili moja baada ya ibada, Mchungaji Kobe akamwita.

"Mwalimu, kwaya inaimba, waumini wameziba masikio. Bibi Kanga hajaimba hata ubeti mmoja tangu Krismasi!"

"Nawaambia wapunguze sauti, Baba Mchungaji. Kila mmoja anasema anayepiga kelele ni mwenzake."

"Basi Jumapili ijayo waumini wasipoimba, kwaya itavunjwa. Mtakaa kwenye mabenchi kama wengine."

Kindi akaenda nyumbani, hakugusa hata karanga. Kwaya ile aliilea mwenyewe, tangu Punda hajui kibwagizo ni kitu gani! Akawaza, akawaza, mara akaruka. "Nimepata!"

Siku ya mazoezi akamvuta Tembo pembeni.

"Mzee Tembo, hapa hakuna mwenye masikio makubwa kama wewe."

"Hilo linajulikana," Tembo akasema, akiyapepea. Pwa! Pwa!

"Kuna mtu kwenye kwaya anatuharibia. Mimi masikio yangu haya, unayaona. Nisaidie kumkamata Jumapili. Ila ukiimba kwa nguvu hutamsikia. Sauti yako iwe ndogo kuliko ya jirani yako. Na usimwambie mtu!"

"Mimi? Mkonga huu nimeupiga fundo."

Tembo alipoondoka, Kindi akamvuta Punda. "Kaka Punda, hapa hakuna mwenye masikio marefu kama wewe..." Kisha Mama Fisi. "Mama, wewe unasikia mfupa ukidondoka ng'ambo ya mto..."

Jumapili ikafika. Kindi akaanzisha wimbo, akainua kijiti, ngoma ikaanza kudunda. Tembo akaimba kwa sauti ndogo, akimtegea Punda sikio. Punda akapunguza zaidi, akimtegea Fisi. Fisi naye karibu anong'one, sikio moja kwa Tembo.

Loo! Kwa mara ya kwanza maneno ya wimbo yakasikika. Mchungaji Kobe akatoa shingo nje ya gamba. Bibi Kanga akafungua mdomo, akajikaza, kekh! Akakohoa, akaufunga. Waumini wengine nao hawakuimba.

Kindi akajiuliza: Kuna nini tena?

Ubeti ukaisha, ngoma ikabaki inadunda peke yake. Mama Fisi akainama.

"Mwalimu, nimempata."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi?!"

"Unaanzisha wimbo juu mno, mwanangu. Huko ni kwa kindi. Siku zote sisi tunapiga kelele ili tukufikie. Na yule bibi wa watu atapanda huko kwa ngazi gani?"

"Hata mimi nimesikia hivyo," Tembo akasema.

"Na mimi," akasema Punda. Wakatazamana. "Kumbe na wewe ulitumwa?"

"Kumbe na wewe?"

"Hi hi hiii!" Mama Fisi akashindwa kujizuia, humo humo kanisani.

Kindi akatamani ajifunike mkia wake. Lakini ngoma inasubiri, na Bibi Kanga anasubiri. Akamgeukia Tembo.

"Mzee Tembo, nipe sauti."

"Mmmmm," Tembo akavuma taratibu, kule chini.

Kindi akaanzia hapo hapo. Bibi Kanga akaingia. Benchi lake likaingia. Kanisa zima likaingia, hata popo! Mchungaji Kobe akaanza kupiga makofi. Kofi la kwanza likatua ubeti wa mwisho. Na kwaya, wanangu, haikuvunjwa.

Basi, anayeongoza waimbaji aanze kwa kutega masikio yake mwenyewe. Mimi nilitega yangu, ndiyo maana nabeba spika.