Kondoo Asiyenuka

Kina mama, nani kati yenu anajua kupika nyama ya kondoo isinuke? Nyoosheni mikono, msione haya. Naona mikono mingi. Na wewe baba pale nyuma, umenyoosha wa nini, si kazi yako ni kula tu? Haya, shusheni. Nitaiomba tena hiyo mikono kabla hatujatoka humu.

Basi alikuwepo binti mmoja mwenye kazi nzuri ya ofisini huko mjini, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake kule kijijini, tangu aliposikia binti ni mjamzito, alitenga kondoo mmoja akawa anamlisha kwa mkono wake, majani mabichi na maganda ya ndizi. Kwao mwanamke akijifungua hulishwa nyama ya kondoo pamoja na mafuta yake, apate nguvu na maziwa yatoke. Habari njema ilipofika, kondoo akachinjwa. Mama akapanga nyama kwenye ndoo, mafuta akayaweka juu, akafunga mfuniko, akapanda basi la alfajiri. Kondakta alitaka ndoo iende kwenye buti. Mama akakataa, akaipakata mapajani safari nzima.

Alipoifungua sebuleni kwa bintiye, harufu ikatangulia. Mnaijua ile harufu. Inaingia kwenye mapazia, kwenye nywele, mpaka kwenye nepi za mtoto. Binti akakimbilia madirisha.

"Mama jamani! Leo jioni watu wa ofisini wanakuja kumwona mtoto, na bosi wangu yumo. Watasema humu ndani tunafuga kondoo!"

"Basi ngoja nikupikie haraka, mwanangu, unywe supu ingali ya moto. Wakifika watakuta nimeshamaliza."

"Hapana, Mama. Wewe kaa. Nitapika mwenyewe."

Aliyejifungua juzi hatakiwi jikoni, mnalijua hilo. Lakini aibu haimwonei huruma hata mwenye mshono. Binti akaegesha simu kwenye kopo la sukari, akafuata mafundisho. Simu ikasema harufu inakaa kwenye mafuta, yakate yote pamoja na ule utando mweupe. Akakata. Ikasema loweka nyama kwa mtindi na limao. Akaloweka. Ponda tangawizi na vitunguu saumu, vingi, usibane. Akaponda. Na simu haikumdanganya, wapendwa. Nyama ilipoiva ilinukia mpaka jirani akachungulia dirishani. Upishi ule haukuwa na kosa.

Yale mafuta akayafunga kwenye mfuko mweusi, akayatupa kwenye pipa la taka uani.

Kisha akasimama mlangoni mwa sebule akamtazama mama yake. Alikuwa amekaa na kitenge kile kile cha safari, kina madoa ya mafuta pale alipopakata ndoo, anambembeleza mjukuu wake. Kitenge kilinuka. Binti alijua kwamba analotaka kusema ni baya, kwa hiyo akalisema kwa upole, kama tunavyofanya sote tukiwa na baya la kusema.

"Mama, umechoka na safari. Kapumzike chumba cha nyuma. Nitakuita."

Mama akamwangalia. Akakiangalia na kitenge chake. "Sawa, mwanangu," akasema. Akamrudishia mtoto, akaenda, na mlango akaufunga mwenyewe, taratibu.

Niwaulize, hapo alikuwa anakata nini? Mafuta si yalikuwa yameshakwisha?

Wageni wakaja, wakala, wakalamba vidole. "Mbona kondoo huyu hanuki kabisa?" wakasema, na binti akachekelea, akasema ni utundu wa jikoni tu. Lakini yule bosi, mama mtu mzima anayeogopwa ofisi nzima, alikula kidogo akaweka sahani chini.

"Madamu, hujaipenda?" binti akauliza, roho juu.

"Tamu sana. Umeitoa wapi?"

"Mama yangu ameleta kutoka nyumbani."

"Na mafuta yake je?"

Binti akaanza kukusanya sahani.

"Mimi nilipojifungua, mama yangu alikuwa ameshafariki," bosi akasema. "Walionihudumia walinilisha vizuri, siwalaumu. Lakini mafuta yale hakuna aliyeniletea, na mpaka leo harufu yake naitamani. Mama yuko wapi, nimsalimie?"

Binti akaziweka sahani chini. Akaenda chumba cha nyuma, bosi nyuma yake. Hakuna mtu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wakamkuta mama ameinama bombani, mfuko mweusi uko miguuni pake, anaosha yale mafuta kipande kimoja kimoja, anayaondolea majani ya chai na maganda ya vitunguu.

Binti alitamani ardhi ipasuke. Kabla hajapata neno, mama akageuka, akawaona wote wawili, akamsoma mwanawe usoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika hata na mgeni. "Uzee huu! Nimeyachanganya na taka bila kuangalia. Karibu, mama, ila usinisogelee sana, nanuka kondoo."

Bosi akamwamkia, akamshika mikono yote miwili na mafuta yake.

Na binti? Binti akanyamaza. Mmenisikia? Mama yake alijipaka uchafu usio wake mbele ya mgeni, na yeye akanyamaza, akaona heri.

Sasa nipeni ile mikono. Nani kati yetu amemfungia mtu chumba cha nyuma? Naona leo mikono imekuwa mizito.

Sisi ni hodari wa kuondoa harufu, ndugu zangu. Tumeondoa lafudhi ya nyumbani, tumeondoa jina la kijiji, tumemwondoa na mama mwenyewe asije akaonekana na wageni. Na yeye bado anainama pipani kuokota alichotuletea, na akiulizwa anasema kosa ni lake. Humu ndani kila Jumapili tunamwimbia Mmoja aliyebeba aibu isiyokuwa yake. Tunamwimbia kwa sauti kubwa, na machozi juu. Tunaimbaje hivyo, halafu nyumbani tunamwachia mama abebe ya kwetu?

Leo mchana mtapika. Kateni mafuta, lowekeni kwa mtindi, sina ugomvi na mapishi yenu. Lakini kabla hujapakua, nenda kagonge mlango wa chumba cha nyuma. Na akikufungulia, usianze na shikamoo. Anza na hili: "Mama, ni mimi niliyetupa."