Mahari ya Futari ya Siku Moja

Kuna jambo nimelitafakari miaka mingi bila kupata jibu: katika mji mmoja wa Yemen ya zamani, futari ya mtu mmoja ilikuwa na thamani gani?

Inasimuliwa kwamba katika mji huo aliishi mja mwema, Utba bin Nadhir, Allah amrehemu. Alikusudia kumwoza binti yake Juwayria kwa Sayyar, mshona ngozi mcha Mungu asiye na mali. Kwa kuwa hakutaka kumtia uzito, alimwambia, "Mwanangu, mahari ni kitu kidogo tu. Thamani ya futari yako ya siku moja." Sayyar akamhimidi Mola, na ndoa ikapangwa alasiri moja ya Ramadhani.

Kadhi alipoketi, akauliza, "Futari hiyo ni kiasi gani?"

Watu wakatazamana. Desturi ya mji ule ilikuwa kwamba hakuna nyumba iliyofuturu kwa chakula chake yenyewe. Kilichopikwa kilipelekwa kwa jirani, na mwenye kupeleka naye alingoja cha kuletewa, asijue kitakuwa nini.

"Sheikh Utba, wewe ulikusudia futari ya namna gani?" akauliza Kadhi.

"Wallahi sijui. Nilisema tu, kama watu wasemavyo."

Mmoja akataja uji wa shayiri, mwingine nyama na samli, na kila aliyesema alizidi kuwatatiza wenzake. Kadhi akaeleza kwamba mahari isipojulikana, Juwayria atastahiki mahari kama ya dada zake. Nao waliolewa kwa ngamia. Sayyar akainamisha kichwa, kwani hakuwa na hata mbuzi, na ndoa aliiona ikimponyoka.

Mgeni aliyeketi karibu naye akamnong'oneza, "Sema dirhamu mbili, ndugu yangu. Nani atakupinga? Sote hapa tuna njaa."

"Jana nilikula mkate wa huyu na samaki wa yule," akajibu Sayyar. "Nikitaja bei nitakuwa nimeibuni. Na haki yenyewe si yangu, ni ya bibi harusi."

"Basi aulizwe mwenye haki," akasema Kadhi.

Utba akaingia ndani. Juwayria akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, kila mtu huko nje ana futari yake kichwani. Mimi nataka kitu nitakachokishika. Kiriba kimoja cha maji, akishone Sayyar kwa mkono wake, na kisivuje."

Simlaumu Utba. Huruma yake ilitangulia ulimi wake, na nani kati yetu hajawahi kusema "kidogo tu" akidhani msikilizaji anaona kile anachokiona yeye? Lakini haki ya mtu huhitaji kipimo ambacho hata asiyekuwapo atakielewa.

Ikaamuliwa kiriba. Kadhi alifungisha ndoa kabla ya adhana ya magharibi, na Sayyar akamaliza kukishona kabla ya Idi. Aliyekijaza kisimani na kukibeba mgongoni hadi mlangoni kwa bibi harusi, kanzu yake ikiwa kavu, alikuwa Utba mwenyewe.