Joto Ndani ya Mtama

Hapo zamani, tena si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya majuzi tu, palikuwa na kijiji huko Ugogo kikiitwa Chilowa. Wewe unayecheka pale nyuma, cheka sasa, maana mwisho nitakuuliza swali na kicheko kitakuisha.

Watu wa Chilowa walikuwa na ushirika wao mdogo wa chakula. Kaya arobaini, ghala moja. Wakishavuna, kila kaya inaleta mtama wake na kuumwaga ghalani katika lundo moja. Hakuna gunia lenye jina, hakuna cha huu wangu na huu wako. Ukishamwaga, umemwaga. Kiangazi kikikaza, kila Jumamosi mnapimiwa kwa idadi ya midomo iliyopo nyumbani, mnakula mpaka mvua ya kwanza.

Walikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyoleta kesi. Mvua ikikaribia, mtu aliyeufaa ushirika kuliko wote kiangazi kile hupewa jembe, akachimba shimo la kwanza katika shamba la pamoja na kutia mbegu. Aliyechimba shimo la kwanza ni mwenyeji, yeye na wanawe na wajukuu zake, hata kama alizaliwa mwezini.

Jembe hilo alilitaka sana mwanamke mmoja, Sechelela. Aliolewa hapo akitoka mbali, mume akafa, akabaki na mabinti wawili na wifi yake Nyendo. Miaka kumi na miwili, bado anaitwa yule mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la kutoka jasho alipewa siku hiyo hiyo ya tatu, hawakuchelewa. La heshima ndilo hakupewa. Mabinti zake wakigombana na wenzao kisimani waliambiwa warudi kwao, na wao kwao kwingine hawakukujua. Jambo hilo lilimuuma, jamani, lilimuuma kuliko ujane wenyewe.

Mwaka huo alichelewa kuvuna. Siku ya kumwaga ikafika, mtama wake bado haujakauka sawasawa. Angeomba wiki moja wangempa. Lakini aliogopa maneno, wasije wakasema mgeni hata kuanika hajui. Akaupeleka vivyo hivyo, magunia matatu.

Mlangoni alikaa Lemanya, bwana ghala. Kazi yake ni moja: anachukua punje, anaitia menoni. Ikilia ka, pita. Ikibonyea kimya, rudi ukaanike. Siku hiyo Lemanya alikuwa na furaha kupita kiasi, binti yake ameposwa, anamsimulia kila mtu habari za harusi. Magunia ya Sechelela yakapita bila punje hata moja kuonja jino. Sechelela akamwaga upesi, akaenda zake.

Kiangazi kikaingia. Jua la Chilowa unalijua wewe? Hulijui, nyamaza. Wiki ya sita, siku ya kupimiwa, Nyendo akatumbukiza mkono kwenye lundo mpaka begani, akautoa, akasema mtama huu una joto. Wakamwambia kila kitu kina joto, hata mawe. Nyendo akakaa chini mlangoni, akanyoosha miguu, akasema haitoki hata pishi moja mpaka lundo lifukuliwe. Wakambembeleza. Wakamtukana. Hakubanduka. Basi wakafukua, na ndani wakakuta mtama unatoa mvuke na kunuka kama pombe iliyoharibika. Siku tatu zaidi, na Chilowa nzima ingekula vumbi.

Sechelela akaona ulioanza kuoza uko kona ile aliyomwaga yeye. Alijua. Hakusema.

Haya, mtama wa kaya arobaini uanikwe wapi? Nje ni mchanga na mavi ya mbuzi. Uwanja mkubwa uliosiribwa kwa udongo ulikuwa mmoja, wa Lemanya, na aliusiriba kwa ajili ya ngoma ya harusi. Wakwe wanakuja keshokutwa. Lemanya akautazama uwanja, akamtazama binti yake, akatuma mtu kuwaambia wakwe wasubiri. Wakwe walinuna, nusura posa ivunjike. Lakini mtama ulianikwa.

Na kuuchambua je? Mzima na mbovu vimechanganyika. Sechelela akashika ungo. Siku ya kwanza walipepeta wanawake ishirini. Siku ya nne walibaki watano. Siku ya saba alibaki yeye, na akapepeta mpaka siku ya kumi na moja, viganja vimechubuka. Kila punje mbovu aliyoitupa aliijua ilikotoka.

Sikilizeni sasa utamu. Katika kila magunia kumi waliokoa tisa! Kiangazi kile kile kilichowafanya watu wa vijiji vya jirani kuuza mbuzi zao, Chilowa walikula na kushiba. Waliokuwa wakiwacheka eti wapishi arobaini chungu kimoja, walikuja na adabu zao kuomba wafundishwe ushirika. Harusi nayo ikafanyika. Wakwe walionuna walikula ugali wa mtama ule ule, wakaomba waongezwe, wakacheza mpaka uwanja ukapasuka nyufa.

Mawingu yalipotanda, ushirika ukakutana shambani. Mwenyekiti, Mama Mbeleje, akauliza nani apewe jembe. Wengine walimtaja Nyendo aliyegundua, wengine Lemanya aliyetoa uwanja. Lakini sauti nyingi zilimtaja Sechelela wa ungo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema yule mgeni. Mama Mbeleje akamtia jembe mkononi.

Sechelela akalishika. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, basi, ainame achimbe. Akawatazama mabinti zake. Kisha akaliweka jembe chini.

"Mtama ulioharibu lundo ulikuwa wangu," akasema. "Niliuleta mbichi kwa kuogopa kuchekwa. Nilichopepeta ni kosa langu mwenyewe."

Lemanya akatoka mbele.

"Shemeji, aliyewekwa mlangoni ni mimi," akasema. "Ningeuma punje moja tu, uwanja wangu usingehitajika."

Mara Nyendo naye akajipenyeza, macho chini.

"Wifi, mimi harufu niliisikia wiki mbili kabla," akasema. "Nilikuwa nimewanunia kwa kuninyima nafasi katika kamati ya ushirika. Nikasema waache waone."

Hapo pakachemka. Wa Nyendo wakasema: kama si mkono wake tungekufa na njaa, awe alinuna au alicheka. Wa Lemanya wakasema: wengine walitoa jasho, yeye alitoa harusi ya mwanawe. Wa Sechelela wakasema: alileta magunia matatu mabichi akaokoa ghala zima, na bila kusema yeye, hawa wawili wangesema lini? Wakabishana, lakini wakibishana vifua mbele, kwa kuwa kijiji gani kingine watu wanagombea kubeba kosa?

Matone yakaanza kudondoka. Mbegu iko tayari, jembe liko chini kati ya watu watatu, na hakuna kati yao anayeliinamia. Mabinti wa Sechelela wamemshika mama yao kanga, huyu upande huu, huyu upande ule, wanangoja kusikia kwao ni wapi.

Usiniambie wagawane, shimo la kwanza ni moja. Usiniambie wasubiri mwaka kesho, mvua hiyo hapo. Wewe uliyekuwa unacheka nyuma, simama, okota jembe. Unamkabidhi nani?