Posa ya Mama Brian

Mjini Tunduma, miaka ile biashara ya mpakani ilipopamba moto na kila mwenye kibanda akajiona tajiri wa kesho, hapakuwa na mwanamke aliyekwenda mbio kama Fides. Aliuza vitenge karibu na geti la kuvukia Zambia. Chai aliinywa amesimama, akaiacha nusu. Nywele alisukwa upande mmoja asubuhi, wa pili akausubirisha hadi apate nafasi. Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akifungua kinywa kusalimu "Mulishani", Fides alikuwa ameshajibu "Bwino" na kumfungia kitenge ambacho hakukichagua.

"Mama Brian akifa atalitangulia jeneza lake makaburini," alisema jirani yake wa kibanda, Felista, ambaye habari ya mtaa isipopita kwake huhesabiwa bado mbichi. Watu walicheka. Fides naye alicheka, ila alicheka huku akienda.

Alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, Brian, fundi wa kujenga. Mwaka huo Brian alishuka bondeni, upande wa Kamsamba, kujenga ghala la mpunga, na huko moyo wake ukanasa kwa Conjesta, binti wa mfugaji wa Kisukuma aitwaye Bugalama. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Aliporudi tu mama yake akajua.

"Twende Jumamosi," alisema Fides.

"Mama, kwanza hutumwa mshenga. Mjomba Osea alisema..."

"Osea atafika huko wajukuu wangu wameota ndevu. Kinywa ninacho mwenyewe."

Wakapanda Fuso lililokwenda kupakia mpunga. Dereva aliambiwa asihangaike, shughuli ingekwisha kabla hajafunga turubai.

Nyumbani kwa Bugalama walipokewa kama wafalme. Mhoja, mama yake Conjesta, mwanamke mnene mwenye sauti laini kama samli, alipanga vigoda kwenye ua uliofagiliwa ukang'aa. Kwa watu wale salamu ni safari. Mgeni huulizwa habari za alikotoka, za watoto, za mvua na za mifugo, na kila swali hungoja jibu lake lifike na kukaa ndipo lingine liulizwe. Fides alizijibu zote kwa mkupuo mmoja: "Nzuri, nzuri, wote wazima." Maziwa yalipoletwa alilowesha midomo akaweka chini. Huko jikoni kuku alikuwa ndiyo kwanza ananyonyolewa.

"Baba, mimi mtu wa kazi," alimwambia Bugalama. "Vijana wamependana. Sisi wazee tutaje mahari, tumalize leo. Gari linaningoja."

Bugalama alikuwa mzee mrefu, mkavu kama fimbo yake.

"Mama, mgeni wetu bado hajafika," alisema kwa upole. "Akifika, tutaongea naye."

Fides aligeuka kutazama langoni, akidhani kuna mwingine anayesubiriwa. Brian aliinamisha kichwa akatamani ardhi immeze.

Haikupita wiki, Conjesta akapiga simu akilia. Baba yake alikuwa amekataa. Alisema hawezi kumpeleka binti yake kwa mkwe ambaye atamzoea kisogo tu, uso hatauona.

Fides alichachamaa kibandani. "Wana maringo hao. Wana ng'ombe, basi wanadhani dunia nzima ni zizi lao."

Kwa mara ya kwanza Felista hakucheka. "Mama Brian, nikwambie ukweli na usininunie. Tangu tujuane hujawahi kuingia kwangu ukakaa. Hata msiba wa mama yangu ulikuja, ukalia, ukaondoka, mimi machozi yangu hayajafika kidevuni."

Fides alikunja upya kitenge kilichokwisha kukunjwa. Jioni alimkuta Brian mezani, ugali umepoa mbele yake hata hajaumega.

"Usihangaike, mama. Mimi nimeshazoea," alisema kijana.

"Umezoea nini?"

"Kukatizwa."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Fides alimtazama mwanawe, akaona kovu dogo juu ya nyusi. Hakujua alilipata lini. Alivuta kiti akakaa, akamwomba amweleze Conjesta ni mtu wa namna gani. Brian alianza kwa kusitasita, kama mtu anayekanyaga daraja bovu. Alipoona mama yake hanyanyuki, alieleza hadi ugali ukakauka.

Wakati wa kwenda tena bondeni, Fides alimkabidhi Felista ufunguo wa kibanda. "Ukiulizwa, sema sijui nitarudi lini."

"Wewe?" Felista aliugeuza ule ufunguo kama fedha ya bandia. "Habari hii ngoja niwapelekee watu ikiwa bado ya moto."

Walifika kwa Bugalama jua likiwa bado changa. Mzee alikuwa malishoni na ng'ombe. Fides alisimama langoni mpaka alipokaribishwa. "Mwangaluka," alisema Kisukuma cha kuazima. Mhoja alificha tabasamu, akamjibu, akaanza maswali. Safari hii kila swali lilipata jibu lake, hata la mvua za Tunduma.

Habari ya posa haikuguswa. Mhoja alileta kibuyu cha maziwa yaliyoganda, akampakatisha. "Tunatafuta siagi, mayu. Nisaidie." Mayu kwao ni mama.

Fides alikitikisa kana kwamba anamkung'uta mwizi. Conjesta, aliyekuwa akichambua mchele karibu na Brian, alijiziba mdomo kwa kanga.

"Mayu," alisema Mhoja, "hayo maziwa hayajakuibia kitu. Yapeleke na kuyarudisha, mwendo mmoja, kama unabembeleza mtoto. Ukiyafukuza yanatoa povu tu."

Fides alipunguza mwendo. Kibuyu kikaanza kuimba, chubwi, chubwi, na kwa sauti ile Mhoja alisimulia jinsi Conjesta alivyozaliwa njiani, siku walipokuwa wakihama na mifugo kutoka Usukuma, chini ya mvua isiyokatika. Katikati ya hadithi honi ya Fuso ikalia barabarani. Lilikuwa likirudi Tunduma, na kutwa ile lingine halikutarajiwa. Brian alimtazama mama yake. Conjesta naye alimtazama. Hata Mhoja aliiacha hadithi akangoja.

Mikono ya Fides ilisita juu ya kibuyu. Honi ikalia mara ya pili.

"Enhe," alisema, akiendelea kutikisa. "Na huyo mtoto mlimfunika na nini kwenye mvua hiyo?"

Gari likaondoka. Baadaye, bila kuulizwa, Fides naye alisimulia. Alieleza kwamba baba yake Brian alipofariki, nyumba ilikuwa na ukimya wa kutisha kila alipokaa chini. Ndipo akaanza kukimbia, na mazoea yakawa tabia. Machozi yalimdondoka juu ya kibuyu. Mhoja hakusema pole wala hakumwambia anyamaze. Alisogeza kigoda chake, akashika upande wa pili wa kibuyu, wakatikisa pamoja mpaka siagi ikashika.

Ng'ombe waliporudi wakitifua vumbi, Bugalama aliwakuta bado wameketi hapo. Fides alipiga goti akamsalimu, kisha akamwuliza habari za malisho. Mzee alijibu. Fides akamwuliza habari za ng'ombe. Mzee, ambaye kwa jambo hilo hakuwa na breki, alianza na yule mweusi anayechechemea na hakumwacha hata ndama. Fides alisikiliza hadi wa mwisho, akataka kujua yule mweusi aliumia vipi.

Bugalama aliegemeza fimbo yake ukutani. Akamgeukia binti yake.

"Conjesta," alisema, "mletee mama yako maji ya kunawa. Leo tunakula naye."

Conjesta alikimbilia maji, kisha akajizuia, akayaleta taratibu yasimwagike. Brian alitazama pembeni akifuta macho, akisingizia moshi wa jikoni. Na pale uani, bila mshenga wala hotuba, kila mtu alijua jibu limeshatolewa. Mwenda pole hajikwai.