Kiti cha Mwalimu Mkuu Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio mmekuja nayo?

— Mawili mawili!

Basi yategeni, na midomo muishike, maana itaachama yenyewe.

Hapo kale paliondokea Bi Kindi, mkutubi wa shule ya msingi ya wanyama. Mwili kiganja, mkia mrefu kuliko mwili. Aliona watoto wanasoma habari za madaraja na mashua, lakini hawajawahi kuunda hata kigoda. Akasafisha kona moja ya maktaba. Miezi mitatu akapita nyumba kwa nyumba akiomba mbao, msumeno, nyundo, misumari. "Hapa," akawaambia watoto, "mtasoma, halafu mtatengeneza."

Jumatatu asubuhi akafungua mlango. Lahaula! Kona tupu! Hakuna ubao, hakuna nyundo, hata msumari mmoja haupo. Akakaa chini, pu!

"Unatafuta nini?" Mwalimu Mkuu Kiboko alikuwa kasimama mlangoni, kaujaza wote. "Vifaa viko kabatini kwangu. Vizuri mno kwa watoto. Jioni navipeleka nyumbani."

"Vyote, Mkuu?"

"Vyote."

Bi Kindi akamtazama. Mwalimu Mkuu, huyuhuyu anayewachapa watoto kwa kuiba chaki! Nyuma ya Bi Kindi watoto wameduwaa, macho kama sahani. Akainuka, akajifuta uso, akainama kwa adabu.

"Umefanya vyema, Mkuu. Ila mkubwa kama wewe kukalia benchi la wanafunzi, sisi tunaona haya. Tukutengenezee kiti?"

Masikio ya Kiboko yakacheza. "Kikubwa?"

"Kikubwa."

"Changu peke yangu?"

"Peke yako. Ila tunataka mbao."

"Kabati langu haliguswi na mtu!" Akaenda mwenyewe, di! di! di! Akaleta mbao.

"Miguu ya kiti inataka msumeno, Mkuu."

Di! di! di! Akaleta msumeno. Watoto wakakata, kere-kere-kere.

"Mgongo na mikono ya kiti vinataka nyundo, Mkuu."

Di! di! di! Akaleta nyundo na misumari yote. Watoto wakapigilia, ko! ko! ko!

"Sasa kaa, tukupime. Na mbele tukuwekee ubao wa sinia la wali?"

Kiboko akameza mate. "Uwekeni! Mpana! Uguse tumbo!"

Ko! ko! ko! Ubao ukagusa tumbo. Kiboko akataka kuinuka. Kulia ubao, kushoto ubao, mbele ubao.

"Nitoeni!"

"Tukutoe kwa nyundo ya nani, Mkuu?"

"Yangu!"

Watoto wakaiweka nyundo chini, taratibu. Kiboko akavuta pumzi, tumbo likabana zaidi. Jasho likamtiririka.

"Ya watoto!" akanguruma.

"Na msumeno?"

"Wa watoto! Vyote vya watoto!"

"Andika." Bi Kindi akamwekea karatasi juu ya ubao uleule. Kiboko akaandika kwamba vifaa vya maktaba havitoki maktabani, akatia sahihi. Karatasi ikabandikwa ukutani. Ndipo watoto wakang'oa misumari, nyiii! nyiii!

Kiboko akatoka, akageuka kukitazama kiti. Tamaa haijamwisha.

"Kazi safi. Fundi gani kawafundisha?"

"Fundi?" akashangaa mtoto wa Nungunungu. "Mkuu, leo ndiyo mara yetu ya kwanza kushika nyundo."

Kinywa cha Kiboko kikaachama, na mnajua kinywa cha kiboko. "Mara ya kwanza? Na mimi nimekikalia?"

Kabla hajakifunga, kiti kikaanguka, kwachaa! Miguu minne, njia nne. Bi Kindi akashika kifua. Hata yeye alidhani kimeshika.

Mtoto wa Nungunungu akainama, akaokota nyundo. "Tuanze tena, Bi Kindi?"

Na funzo, wasikilizaji, ni hili: mtoto asipewe nyundo kabla hajawa fundi; na asipopewa nyundo, ufundi ataupata wapi?

Ngano yangu imefika. Mwenye yake na ailete.

— Tumeipokea!