Kwa Nini Mitungi ya Kanisa la Tsalori Iko Wazi

Zamani, kengele hazijaletwa bado katika bonde la Tsalori, kule kwenye milima ya Jojia, kuta za kanisa kuu zilikuwa laini kutoka sakafuni hadi kwenye kuba. Plasta tupu, huoni tundu wala ufa. Sasa ukuta laini namna ile, jiulizeni wenyewe, unaficha nini?

Ukuta wa kaskazini ulikuwa umeanguka mara mbili. Mara ya tatu mafundi walijifungia ndani siku tisa, wakatoka wakasema hautaanguka tena, basi, hawakueleza wamefanya nini. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ukuta mkaidi hausimami mpaka ulishwe mtoto. Na siku zile wachungaji wa kondoo walikuwa wamepita na watoto wao, na nani aliyewahesabu?

Mzekala, mke wa mfuga nyuki, alikuwa ameshazika watoto wawili. Alibaki na Bakuri, wa miezi sita, na Bakuri alikuwa anakohoa. Ilibidi abatizwe upesi, maana asiyebatizwa hakuzikwa pamoja na nduguze. Basi akampeleka. Alipovuka kizingiti mtoto akalia, na ndani ya ukuta mtoto akalia. Bakuri akanyamaza. Ukutani kilio kikaendelea kidogo, ndipo kikakatika.

Mzekala akatoka mbio.

"Ni mitungi, mama," fundi mkuu Kvirike akamwambia, akicheka. "Mitungi mitupu ya divai. Tumeijengea ndani ya kuta na kuba, jengo liwe jepesi, na sauti ya padri ifike mbali."

"Mbona mmeifunika?"

"Urembo."

"Basi vunja urembo, nitie mkono."

"Chokaa itakuunguza, mke wa nyuki wewe!"

"Kuumwa nimezoea."

Akaketi kizingitini na mtoto wake anayekohoa, na kina mama wengine waliokuja nyuma yake na watoto wa kubatizwa wakasimama vilevile, hata mmoja hakuingia. Kufika adhuhuri padri akaagiza nyundo. Mzekala akapanda ngazi, akatia mkono hadi begani, mtungi kwa mtungi, yote kumi na mmoja. Vumbi. Buibui. Baridi. Akauliza, na ile ya kwenye kuba? Ngazi haikufika. Bakuri akabatizwa mikononi mwa mama yake, naye mama macho yake yako juu kwenye kuba.

Na tangu siku hiyo mitungi ya kuta za Tsalori imebaki vinywa wazi, na mtoto habatizwi pale mpaka mama yake apande atie mkono wake mwenyewe. Ile ya juu bado imefunikwa. Mafundi husema nayo ni mitupu. Husema. Lakini mtoto mmoja akilia pale chini, kule kwenye kuba hulia wawili.